Bloku Imepasuka, Usiniulize Kama ni Kidogo

Miezi hii swali ninaloulizwa kuliko hata salamu ni hili, "sasa hiyo bloku imepasuka sana au kidogo?" Naulizwa kijiweni Chumbageni hapa Tanga, naulizwa na shemeji zangu wa Mabokweni, juzi kaniuliza hata konda wa daladala ya Kange ambaye sijui habari kaipatia wapi. Wanauliza kwa huruma, siwalaumu, ila bloku, ule mwili wa injini wenye silinda ndani, haina kidogo jamani. Ufa ukiwa na urefu wa ukucha tu, lakini umekaa pale ambapo upande huu kuna maji na upande ule kuna moto wa silinda, hiyo injini imeshakufa hata kama asubuhi inawaka, hata kama inakupeleka Muheza na kukurudisha. Na afadhali ufa mkubwa, ule unauona, maji yanamwagika chini unajua moja. Huu mdogo ndo unakula hela za watu, unabadilisha gasketi, unabadilisha rejeta, unabadilisha feni, mwisho unabadilisha na fundi, gari bado inachemsha.

Gari yenyewe ni Subaru Impreza WRX, ile yenye macho ya duara, bodi ya GDA, injini EJ205 ya tabo, ile feni inayosukuma upepo ndani ya injini, cc 1994, na huko Japani ilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250. Kwa nini Subaru na sio IST kama watu wenye akili zao? Waulizeni waliokua wakati Subaru ya bluu inashinda Safari Rally, 1997 na Colin McRae, 2000 na Richard Burns, na hiyo Safari yenyewe ilivyoanza 1953 ilikuwa inapita mpaka huku kwetu enzi za Tanganyika. Ugonjwa wa utotoni hauna dawa. Niliipata kwa jamaa mmoja, simtaji, tunasalimiana mpaka leo, na niliinunua nikijua inachemsha, bei ilikuwa bei ya gari inayochemsha. Rangi safi, viti safi, mlio ule wa buruburu upo, ila ukifungua kifuniko cha rejeta unakuta maji meupe peee. Sio kulanti, yale maji maalumu ya injini ya kijani au mekundu, ni maji tu ya kunywa.

Kila aliyeinama kwenye boneti alitoa hukumu ileile, gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya bloku na kichwa chake. Na kusema kweli Subaru zina jina baya kwenye hilo, kwa hiyo mtu akisema gasketi hujamkuta na kosa. Dalili zote zilikuwepo, mapovu kwenye chupa ya akiba, mipaipu ya rejeta inakuwa migumu mapema mno asubuhi kabla injini haijapata moto, maji yanapungua na chini hakuna hata tone. Ila fundi wangu, mzee mmoja wa Ngamiani, barabara za namba za kule juu, huyu mzee hana haraka na hukumu. Ana kichupa chake chenye dawa ya bluu anakikalisha kwenye mdomo wa rejeta, anavuta hewa ipite ndani ya ile dawa, kama kuna moshi wa silinda umevuja kwenye maji dawa inageuka njano. Ikageuka njano hata hatujamaliza kuongea. Akachomoa plagi, akaipandisha pistoni juu, akaingiza upepo wa kompresa silinda moja moja, injini ikiwa ya baridi kabisa, haijawashwa. Namba 1 kimya, namba 3 kimya, namba 2 kimya. Namba 4, rejeta ikaanza kutoa mapovu.

"Mwanangu, namba nne inavuja," akaniambia, "lakini neno gasketi hulisikii kwangu mpaka niione."

Tukashusha injini. Hapa Subaru nawapa heshima yao, ile injini ya boksa, pistoni mbili zimelala kulia mbili kushoto, iko mbele na iko chini, kuitoa nzima ni rahisi kuliko kuanza kuhangaika na hedi ikiwa ndani ya gari. Chenbloku, ule mnyororo wa kunyanyulia, kwenye fremu ya mabomba chini ya mwembe, vijana wawili wa gereji, jioni ilikuwa mezani. Hedi ya kushoto ilipotoka wote tuliinama kuangalia gasketi, na gasketi ilikuwa mpya. Ile ya chuma tabaka tabaka, rangi yake haijaungua popote, na uso wa hedi una mistari ya kusagwa, tena sio zamani. Mzee akacheka. "Wenzetu walishafika hapa."

Ndo hapo ikaja kazi ya kutafuta ufa. Kuna dawa za kopo, zipo tatu, moja ya kusafisha, moja nyekundu, moja nyeupe. Unasafisha uso wa bloku mpaka usione hata alama ya oili, unapuliza nyekundu unaiacha inywe, unafuta kwa kitambaa mpaka uapie kwamba hakuna nyekundu iliyobaki, halafu unapuliza nyeupe. Ile nyeupe inapokauka inavuta juu wekundu wowote uliojificha ndani ya ufa. Tulikaa tunaitazama, mara kwenye mdomo wa silinda namba 4 ikaanza kutokea nukta, halafu nukta nyingine, halafu zikaungana zikawa kamstari kekundu kamejipinda, kameanzia ndani kwenye slivu, ule mkebe wa chuma pistoni inamopita, kamevuka alminiamu, kameishia upande wa maji. Hakafiki upana wa kidole. Mzee akafuta yote akarudia mwanzo, kakatokea palepale. Sasa hapo nani anauliza tena kama ni kidogo?

Ngoja nieleze hiyo bloku imekaaje maana bila hilo hutaelewa kwa nini ipasuke pale. Bloku ya EJ205 ni ya alminiamu, ndani ya kila silinda kuna slivu ya chuma cha kusubu. Juu iko wazi, yaani ukitoa hedi unaona mdomo wa silinda umesimama peke yake na maji yanaizunguka pande zote, haijashikwa na ukuta wa nje. Kuna EJ20 nyingine ambazo zimezibwa nusu na za zamani zilizozibwa kabisa, hizo ngumu zaidi. Ya wazi inapoa vizuri ila ikipata moto mbaya, au ikisukumwa na busti kubwa, yaani upepo wa tabo, mdomo wa silinda unatikisika. Ongeza na hili, alminiamu ikipata joto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, kwa hiyo slivu na nyumba yake kila zikichemka zinavutana. Mara moja injini inavumilia. Ukiifanya ndo maisha yake, inachoka. Na watu wa Subaru dunia nzima wanaijua namba 4, ndo silinda ya kwanza kulalamika.

Wenzetu wa nchi za baridi bloku zao zinapasuka kwa barafu, maji yakiganda yanaongezeka ukubwa kama asilimia 9 na chuma hakina pa kwenda. Tanga barafu iko kwenye ndoo ya muuza samaki tu. Huku bloku tunaziua kwa moto, na tunaziua kwa kusaidia. Nasema kwa kusaidia kwa sababu tulipofungua nyumba ya thamostati, kile kizibo kinachofunguka maji yakipata moto, tulikuta haipo. Kuna mtu aliitoa. Hii ni tiba maarufu kuliko panado, gari ikichemsha toa thamostati maji yapite yenyewe. Sasa kwenye Subaru thamostati iko chini upande maji yanapoingilia injini, inaanza kufunguka kwenye nyuzi 76 hadi 80 na inafunguka yote kwenye 91. Ukiitoa, kwenye tambarare ya Segera injini haipati joto lake, kompyuta ya gari inaona injini ya baridi inaongeza petroli, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda. Halafu gari hiyohiyo unaipeleka Mombo unaanza kupanda Lushoto, kona juu ya kona, tabo imewaka nyekundu, inatoka kwenye ubaridi inaruka kwenye kuchemka. Jioni inashuka inapoa. Wiki ijayo tena. Thamostati haikuwa ugonjwa tangu mwanzo, wameng'oa bawabu wakaacha mlango wazi.

La pili ni maji. Maji ya bomba ya Tanga mimi sina ugomvi nayo, yanatoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, ila gari ikichemsha barabarani nani anatafuta bomba? Unapewa ndoo ya kisima cha jirani, na visima vya ukanda huu wa pwani vingi vina chumvi, unaionja kwenye chai. Chumvi ndani ya alminiamu inachimba vishimo. Kwenye njia za maji za hii bloku ulikuwa unapitisha kucha unasikia mashimo, na kwenye kingo kuna unga mweupe umegandana. Kulanti watu wanadhani ni rangi, ile ni dawa ya kutu, na ikichanganywa nusu kwa nusu na distilled wota inapandisha pia joto la kuchemka. Na kifuniko cha rejeta nacho kina kazi, kinashika presha ya karibu bar 1, na maji yakiwa kwenye presha hiyo yanachemka kwenye nyuzi kama 120 badala ya 100. Chetu kilikuwa kimefungwa na kipande cha tyubu ya baiskeli. Sicheki, nasimulia.

Basi ushauri ukaanza kumiminika. Wa kwanza, mimina ile dawa ya kuziba inayouzwa kwenye kopo, inaziba ufa. Inaziba kweli, na inaziba na rejeta na hita na kila kijitundu, halafu silinda yenye tabo inaipuliza ile ganda wiki hiyohiyo. Wa pili, kuna fundi hodari wa agoni, kuchomea kwa gesi, anachomea alminiamu husikii hata alama. Huyu nilimfikiria sana kwa sababu kazi zake nimeziona, anachomea sampo za chini za oili, anachomea nyumba za giaboksi, mikono yake imebarikiwa. Lakini ufa wa mdomo wa silinda sio sampo. Ukiweka moto wa kuchomea pale uso unapinda, slivu inapoteza duara, itabidi usage juu, ubore silinda, na bado hujui ile slivu imeshikana vipi na alminiamu mpya. Mafundi wa vyuma vya kusubu wana njia ya kushona ufa kwa pini za nyuzi, kwenye mashine kubwa na matrekta inafanya kazi, kwenye bloku nyembamba ya Subaru hakuna nyama ya kushonea. Mwenyewe fundi wa agoni nilivyomwonyesha akaniambia kaka, hela yako naitaka ila hapa nitakudhulumu. Mtu wa hivyo unampelekea na kazi nyingine.

Wa tatu ndo ulikuwa ushauri wa wengi, nunua injini nzima ya mtumba kutoka Japani, unafunga unaondoka. Kwenye Noah ningefanya hivyo bila kufikiri. Ila hapa hedi zangu zilikuwa nzima, tumezipima, tabo yangu haichezi, waya zangu zote zinasoma. Nikinunua injini nzima nanunua tena hedi za mtu nisiyemjua na gasketi za mtu nisiyemjua, na nitazifungua tu. Nikaamua bloku peke yake, ikija na kranki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na konrodi, mikono inayoziunganisha, ni vizuri, vya juu vyote navyo.

Kumbe ndo nimejitafutia safari. Tanga wanasema waja leo warudi leo, ila bloku ya EJ205 haikuja leo wala kesho. Hapa mjini hamna, Dar zipo, Gerezani na Ilala, na shida ya kule ni kwamba kwa muuzaji EJ20 ni EJ20. Sio kweli. Kuna EJ20 zisizo na tabo, zinaonekana ndugu kabisa kwa nje, mashimo ya bolti yanaingia, ila pistoni zake zinagandamiza zaidi na ukizipelekea upepo wa tabo zinaanza kugonga, kabla ya Pongwe una injini mbili mbovu. Jamaa mmoja alinihakikishia kwenye simu kwa viapo vyote, nikamwambia bro, nitumie picha ya vichwa vya pistoni. Pistoni za tabo ya hii zimezama katikati, zina kibakuli. Picha ikaja, vichwa bapa. Nikamshukuru. Kesho yake akanipigia tena na bloku ileile, safari hii anasema imetoka kwenye gari nyingine.

Iliyokuja kupatikana ilitoka kwenye Impreza iliyogongwa nyuma, mbele haijaguswa, ikapanda basi kwenye buti imefungwa magunia mpaka stendi ya Kange. Makubaliano yalikuwa nusu ya hela nalipa baada ya mzee kuikagua. Alianza na zile dawa za kopo, nyekundu nyeupe, silinda zote nne, hakuna kilichotokea. Akalaza rula ya chuma juu ya uso akapitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia mwanya, ukomo wa kupinda ni 0.05 mm na haikufika. Kisha akaigawa.

Maana bloku ya Subaru ni nusu mbili, kulia na kushoto, zinabana kranki katikati kwenye beringi tano. Hizo nusu zilichongwa pamoja kiwandani, ni mume na mke, usije ukauziwa nusu ya hii na nusu ya ile. Na katikati hakuna gasketi, ni silikoni maalumu ya majimaji, unachora mstari mwembamba kwa mkono usiotetemeka, ikizidi inaingia kwenye njia za oili, ikipungua itatoa jasho la oili maisha yake yote. Beringi mpya, ringi mpya, kila beringi imepimwa kwa ule uzi wa plastiki unaobanwa kisha unapima umelala upana gani. Mianya yenyewe ni ya sehemu za mia za milimita, kwa hiyo kufagia siku hiyo kulipigwa marufuku, na kijana aliyeleta jiko la kahawa alirudishwa nalo mlangoni.

Kitu kilichonitoa jasho ni pini za pistoni. Injini za kawaida unaunganisha pistoni na konrodi mezani halafu unaisukuma ndani. Hapa sivyo. Unafunga kwanza nusu mbili na kranki na konrodi zikiwa ndani, ndo unasukuma pistoni kutoka nje, halafu pini yake unaiingiza kwa kupitia kitundu cha pembeni ya bloku, viwili mbele viwili nyuma, na ukishaiingiza unaifunga na kipete cha waya kupitia kitundu hichohicho. Kipete kikikuponyoka kikaangukia ndani, unagawa bloku upya. Mzee alipaka grisi ncha ya koleo, akapachika kipete, akakaa kwenye kigoda akiwa ameinamisha kichwa pembeni kama mama anayemtoa mtoto mwiba. Hakuna aliyeongea. Ukasikika mlio mdogo, ti. Akachungulia na tochi, akagusa kwa bisibisi kuona kama kimekaa kwenye mfereji wake, akasema "lete nyingine." Ya namba 4 aliiacha mwisho makusudi.

Bolti za hedi zina ibada yake, unakaza kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza, kwa mpangilio kuanzia katikati, halafu unalegeza zote nusu mzunguko, unalegeza tena nusu mzunguko, ndo unakaza upya na kumalizia kwa digrii, 80 hadi 90, mara mbili. Kijana wa gereji akauliza, mzee sasa si tulikuwa tumeshakaza? Akajibiwa ile ilikuwa ya kuilaza gasketi, hii ndo ya kuishi nayo. Wota pampu mpya, taiming belti mpya, thamostati ya kampuni, kifuniko cha rejeta, na rejeta yenyewe ikatolewa ikaoshwa mpaka maji yakatoka kama yalivyoingia. Na kwenye mpira wa busti tulikuta kuna kijikoki mtu kapachika cha kuongeza upepo. Kikaenda kwenye ndoo ya skrepa, hakijaagwa.

Kuwasha, kwanza ulichomolewa fyuzi ya petroli na plagi zikatoka, starta ikazungusha mpaka taa ya oili ikazima, ndo kila kitu kikarudishwa. Ikawaka. Moshi wa grisi na mafuta ya kufungia ukatanda mpaka wa jirani wakaja kuangalia, baadae ukaisha. Kazi iliyobaki ilikuwa kutoa hewa kwenye maji, boksa inapenda kuficha hewa, na inataka pua ya gari iwe juu. Tanga hii ilivyo bapa unatafuta kilima wapi? Tukaenda Raskazone kwenye ile miteremko ya kuelekea baharini, tukapaki pua ikiangalia juu, kulanti inaingia polepole, mapovu yanatoka, unasubiri, unaongeza, feni inajiwasha na kujizima. Wapita njia wakadhani tumekwama, wawili walitaka kusukuma.

Sasa nipo kwenye kuilainisha, na ushauri wangu kwa mwenye gari ya mbio anayetaka kulainisha injini mpya ni aje barabara ya Tanga Segera. Unatakiwa usikae mwendo mmoja, upande ushuke, usiite tabo, usipige resi. Vibao vya 50 kila kijiji na tochi za trafiki za kupima mwendo zimejificha kwenye migomba, utatii ratiba upende usipende. Oili ya kwanza tuliimwaga mapema sana, ilikuwa inameta meta kidogo kwa ringi mpya kukaa, ya pili ikatoka safi. Geji ya temprecha inapanda inafika chini kidogo ya katikati, inakaa. Nimeshapanda nayo Lushoto polepole nyuma ya lori la mbao, AC inawaka, haikusogea.

Kimebaki cha TRA, maana namba ya injini imepigwa kwenye bloku, na ukibadilisha bloku kadi ya gari na injini havisemi kitu kimoja. Risiti ya manunuzi ninayo, ukaguzi naupeleka wiki hii, msije mkauza au kununua gari iliyobadilishwa bloku bila kusawazisha hilo, polisi akifungua boneti utajieleza mpaka jioni. Na kompyuta bado haijapimwa upya na mtu anayejua kuisoma, huyo yupo Dar na foleni yake ndefu, kwa hiyo busti itabaki ya kiwandani na wale wa kijiweni wanaosema WRX imepitwa na Crown pale Pongwe, ni kweli, imepitwa.